Mgongo Nao ni Mali ya Shamba

Na Katibu wa Jumuiya

Ndugu wanachama,

Katika ukurasa huu nimezoea kukuandikieni habari za miche, za magunia, za mvua, na za ada za uanachama ambazo baadhi yetu bado hatujazilipa. Leo naomba ruhusa yenu niandike habari ya kitu kisichomo katika daftari la jumuiya wala hakipimwi katika mizani ya kituo, lakini bila hicho hapana hata karafuu moja itakayoshuka mtini. Kitu chenyewe ni mgongo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, kwani anayetaka kusema ya wenzake yampasa kwanza aseme yake. Baada ya mkutano wetu mkuu wa mwaka jana tulipiga picha ya pamoja mbele ya ghala. Kijana mmoja aliipiga kwa simu yake, na usiku ule ule akatupelekea sote. Nilipoitazama nikamwona mwishoni mwa mstari mzee mmoja, mabega yameanguka mbele, kichwa kimechomoza kama cha kobe anayechungulia nje, na mgongo umeanza kufanya kibiongo. Nikamwuliza mke wangu, "Huyu mzee ni nani? Mbona simkumbuki mkutanoni?" Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akanijibu, "Bwana wee, hiyo si kanzu yako niliyokupigia pasi mimi?"

Umri wangu haujatimia miaka arubaini. Kwa muda wa siku nzima nilishikilia kuwa picha ile imenionea. Nikaenda mbele ya kioo cha kabati, nikasimama, nikajiona mtu aliyenyooka sawasawa. Walakini baadaye nikafahamu kuwa nilijidanganya, kwani mtu akijua kuwa anatazamwa hunyooka, hata kama anajitazama mwenyewe. Basi nikamwomba mwanangu anayesoma skuli aketi nami nikiwa katika kazi yangu ya daftari, na kila anionapo nimejikunja agonge meza mara moja, asiseme neno. Katika saa ya kwanza aligonga mara kumi na moja. Kumi na moja! Wala hapana hata mara moja katika hizo ambayo mimi mwenyewe nilihisi kuwa nimejikunja.

Hapa ndipo yalipo maneno yangu yote ya leo. Zoea baya la mwili halina kengele. Mwenye nalo hulihisi kuwa ndiyo sawa, na akinyooshwa huhisi kuwa amepindwa. Wazee walisema mazoea yana taabu, nasi aghlabu hulichukulia neno hilo kuwa ni habari ya tabia za watu, tukasahau kuwa mwili nao una mazoea yake.

Jambo hili si langu mimi peke yangu. Yuko mtu mmoja wa kisiwani kama sisi, ingawa kisiwa chake kiko mbali sana, nacho ni Tasmania, kusini ya Australia. Jina lake Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa mwaka 1869. Kazi yake ilikuwa kusoma mashairi na maneno ya watungaji mashuhuri mbele ya watu, na katika kazi hiyo sauti yake ikawa inamkauka. Madaktari wakamwambia aipumzishe. Akiipumzisha hupona, akirudi jukwaani humkauka tena. Mwisho akasema nafsini mwake, "Bila shaka kuna kitu nikifanyacho wakati wa kusoma." Akaweka vioo, akajitazama. Akaona kuwa kila anapotaka kuanza kusoma huvuta kichwa chake nyuma, hukaza shingo, na huvuta pumzi kwa kelele. Akaazimia kuacha. Na hapa ndipo penye mafunzo: alipohisi kuwa ameacha, kioo kikamwonyesha kuwa bado anafanya vile vile. Hisia yake ilikuwa shahidi wa uwongo.

Bwana huyo alihamia London mwaka 1904, akafundisha watu namna ya kujitambua na kuacha mazoea hayo mpaka alipofariki mwaka 1955. Mwaka 2008 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Baada ya mwaka mmoja, wale waliopata matibabu ya kawaida tu walikuwa na maumivu siku 21 katika kila wiki nne. Wale waliosomeshwa masomo 24 kwa njia ya Alexander walikuwa na maumivu siku 3. Siandiki haya ili tutafute mwalimu wa namna hiyo hapa kisiwani. Naandika ili tuone kuwa zoea la mwili laweza kubadilika hata ukubwani, na kuwa mlango wa kulibadilisha ni kulijua kwanza.

Tena maradhi haya si madogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kuwa hapana maradhi mengine yanayowazuia watu wengi kufanya kazi zao kuliko hayo. Nami sina haja ya hesabu za dunia nzima. Natazama safu ya mbele msikitini siku ya Ijumaa, nikawahesabu wazee wetu wanaosali juu ya viti. Wengi wao walikuwa wachumaji hodari, wenye kupanda mkarafuu kama wanaopanda ngazi ya nyumba.

Sasa tuutazame mgongo wenyewe. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya moja, na baina ya pingili na pingili kuna kitakia cha gegedu chenye maji maji ndani yake. Mtu akisimama, vitakia hivyo huchukua uzito kwa usawa. Akiinama kwa kuukunja mgongo, kitakia hubanwa upande wa mbele, na misuli ya nyuma hufanya kazi kubwa kuuzuia mwili usianguke. Mwaka 1999 wataalamu wa mji wa Ulm, Ujerumani, walitangaza habari ya ajabu. Walimpata mtu mmoja aliyejitolea, mzima wa afya, mwenye miaka 45, wakamtia kipimo kidogo ndani ya kitakia kimoja cha mgongo wa chini, wakamwacha atembee, aketi, alale na ainue mizigo. Alipolala, mbano ulikuwa kama sehemu moja katika tano ya ule wa kusimama. Alipoinama, ulizidi maradufu. Alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa kuukunja mgongo, ulizidi mara nne na zaidi. Alipouinua mzigo ule ule kwa kukunja magoti, ulipungua. Na alipousimamisha mzigo karibu na kifua chake, ulishuka ukawa chini ya nusu ya ule wa kuinua kwa mgongo uliokunjwa.

Kweli huyo alikuwa mtu mmoja tu, na migongo ya watu haifanani. Tena nataka tuelewane: mgongo haukuumbwa ili usichukue mzigo, wala kuinama si haramu. Madaktari wa leo wanatwambia kuwa hapana mkao mmoja ulio dawa, na kuwa kukakamaa kama askari wa gwaride nako huchosha. Kinachouumiza mwili ni kukaa namna moja kwa muda mrefu, na kuchukua uzito mkubwa kwa mkao mbaya mara kwa mara, siku baada ya siku. Mtu mmoja kule Ujerumani aliinua kilo 20. Sisi twainua gunia la kilo 50, na hatuinui mara moja.

Basi tufuatane shambani, tuzitazame kazi zetu moja moja.

Kwanza palizi. Mipini ya majembe yetu mingi ni mifupi, haifiki hata kiunoni. Mwanamke huinama asubuhi, huinuka adhuhuri, na akiinuka huweka mkono kiunoni, na sisi tumeizoea picha hiyo mpaka twaona kuwa ni sehemu ya palizi. Ukimwuliza kwa nini mpini ni mfupi, atakujibu kuwa ndivyo alivyoukuta. Na fagio la chelewa ni vivyo hivyo. Anayefagia uwanja mzima wa kuanikia huufagia akiwa amejikunja, ilhali fito moja na kamba kidogo vingelirefusha fagio hilo mara tatu.

Pili uchumaji. Mchumaji husimama juu ya tawi kwa mguu mmoja, huvuta tawi jingine kwa upembo, na huipinda shingo yake kulitazama shada. Hilo haliepukiki. Lakini twaweza kuepuka kubaki katika mkao huo mmoja mpaka upande ule wa mti umalizike. Mchumaji hodari nimjuaye mimi, mtu mzima ambaye hadi leo anapanda, ana desturi moja: kila akijaza pakacha hushuka, hujinyoosha, hutembea hatua chache, ndipo hupanda tena upande wa pili. Vijana humcheka kuwa anapoteza wakati. Msimu ukimalizika, wao wamelala chali na yeye anachuma vuli.

Tatu kuchambua. Hii ndiyo kazi ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu haionekani kuwa ni kazi ngumu. Jioni akina mama na watoto huketi juu ya jamvi, miguu wameinyoosha, lundo la karafuu liko chini mbele yao, na kichwa kimeinama kutenga karafuu na makonyo mpaka usiku mwingi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5, yaani karibu pishi mbili za mchele. Nani kati yetu angekubali kushika pishi mbili kwa mkono ulionyooshwa tangu magharibi mpaka saa nne za usiku? Lakini shingo zetu twazilazimisha. Dawa yake ni nyepesi. Lundo liwekwe juu ya meza, au juu ya sanduku lililopinduliwa na sinia juu yake, ili karafuu zipande kwa mtu badala ya mtu kushuka kwa karafuu. Anayechambua apate kibao au kigoda cha kuketi, na mgongo wake uegemee ukuta au nguzo. Na kila pishi ikijaa, ainuke. Pishi iwe ndiyo saa yake.

Nne ni uchukuzi, na hapa moyo wangu ni mzito.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nimesimama mlangoni pa ghala, kalamu mkononi, tukipakia karafuu katika gari. Mchukuzi mmoja, kijana mwenye nguvu zinazojulikana na wote, alikuwa amekwisha kuchukua magunia mengi. Gunia la mwisho likawa limeshindiliwa kupita kiasi, kwani aliyelijaza alitaka kupunguza idadi ya magunia. Nikamwona amesita. Mimi, Katibu wenu, nikamwambia, "Hili moja tu bwana, gari lataka kuondoka." Wenzake wawili wakamtwika mgongoni. Akaenda nalo, akajipinda kulitupa garini, kisha akashika mlango wa gari kwa mikono miwili, akabaki hapo. Hakupiga kelele. Alichukuliwa nyumbani kwa mkokoteni. Leo anauza kahawa, anatembea, anacheka na watu, lakini gunia hajainua tena. Na jioni ile mimi nilifungua daftari nikaandika: "Magunia yote yamepakiwa salama." Daftari halikuwa na mahala pa kuandika mgongo wa mtu.

Wazee wetu wana neno: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile gunia lile lilikuwa usufi kwangu.

Najua kuwa kuna wanachama watakaosema, "Babu zetu walilima kwa majembe haya haya, walichukua magunia haya haya, na mashamba walituachia." Ni kweli, na Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini mwanachama mwenye kusema hivyo amwulize bibi yake aliye hai alilala vipi usiku wa jana. Tena wazee wale hawakuwa na wakati wa kujua tunayoyajua leo, na mtu hahesabiwi kwa jambo asilolijua. Sisi tutahesabiwa.

Wengine watasema kuwa mpini mrefu ni uvivu. Hoja hii si ngeni duniani. Katika mashamba ya mboga ya California, Marekani, vibarua, wengi wao watu wa asili ya Mexico, walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe lenye mpini wa kama dhiraa moja. Wenyewe waliliita kwa lugha yao el cortito, yaani kile kifupi. Wasimamizi walilipenda kwa sababu kibarua akinyooka huonekana toka mbali kuwa hafanyi kazi. Wenye mashamba walidai kuwa bila jembe lile mazao yangeharibika. Vibarua wakapeleka shauri lao mbele ya sheria, madaktari wakatoa ushahidi wa migongo iliyoharibika, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Mashamba ya California yanazaa hata leo. Hawakuambiwa vibarua, "Jitahidini kukaa vizuri." Kilichobadilishwa ni mpini.

Neno hilo nataka tulishike, kwani hapa ndipo wahubiri wengi wa mambo ya mwili wanapokosea. Humkaripia mtu, "Nyooka! Nyooka!" Naye hunyooka kwa dakika mbili, kisha akili hurudi katika kazi na mwili hurudi katika zoea. Mimi mwenyewe nilijikaripia wiki mbili nisifaidi kitu. Nilichofaidi ni mambo mawili. La kwanza ni jicho la mwenzangu, yaani yule mtoto wa kugonga meza. La pili ni kuondoa sababu ya kujikunja: daftari nimeliweka juu ya kijisanduku chenye mwinamo, na simu nimejifunza kuiinua ije mbele ya uso wangu badala ya kuupeleka uso wangu kwenye simu. Sasa mwanangu anagonga mara mbili tatu kwa saa, na jioni nyingine hagongi kabisa. Sijawa mnazi, lakini si kobe tena.

Na sisi tunayo bahati nyingine ambayo Alexander na vioo vyake hakuwa nayo. Tulipokuwa chuoni tuliketi juu ya jamvi, juzuu mbele yetu, tukiyumba mbele na nyuma, na huko ndiko wengi wetu tulikoanza kujikunja. Lakini chuo hicho hicho kilitufundisha kuwa katika rukuu mgongo ulingane, na kuwa ukiinuka usikimbilie kusujudu mpaka uwe umesimama wima na kila mfupa umerudi mahala pake. Maalim wetu alikuwa akimrudisha mtoto aliyedonoa sala yake kama kuku. Hiyo ni ibada, nami sitaki kuifanya mazoezi ya viungo. Lakini mtu anayejua mara tano kwa siku mgongo ulionyooka ukoje, hana udhuru wa kusema kuwa hajui. Anatoka msikitini anao mfano wake mwilini. Kilichobaki ni kwenda nao shambani.

Juu ya watoto ni lazima niseme neno. Samaki mkunje angali mbichi. Mwenye kupanda miche anajua kuwa mche uliolazwa na upepo huwekewa kijiti mapema, kwani ukiachwa ukakomaa hauinuliwi tena. Watoto wetu wanaketi skuli saa nyingi, wanarudi na mikoba mizito wameitundika bega moja, kisha jioni wanajikunja juu ya simu, na msimu ukifika tunawaketisha juu ya jamvi kuchambua. Tena wanatuiga. Juzi binti yangu mdogo alitembea ukumbini mikono nyuma, kichwa mbele, mabega chini, akasema, "Mimi baba." Watu wa nyumbani wakacheka, nami nikacheka, lakini usiku sikulala upesi. Twalalamika kuwa vijana hawataki kazi ya karafuu. Labda wameitazama migongo yetu wakafanya hesabu yao.

Basi, kwa kuwa maneno bila ya azimio ni kama gunia bila ya mshono, natoa taarifa kuwa katika mkutano mkuu ujao nitaleta mambo matatu mbele yenu, nanyi mpige kura.

Jambo la kwanza: karafuu zinazoingia na kutoka katika ghala letu zipakiwe katika magunia yasiyozidi kilo 25. Mchukuzi akitaka kuchukua mawili, na achukue kwa rukwama, si kwa mgongo.

Jambo la pili: mchukuzi alipwe kwa kilo, asilipwe kwa gunia. Hili ndilo zito, na sitaki kulificha. Kama tukipunguza gunia na malipo yakabaki kwa gunia lile lile la zamani, mwenye shamba atalipa maradufu. Na kama tukigawa malipo ya gunia kuwa nusu, mchukuzi atakwenda safari mara mbili kwa fedha ile ile, atatuchukia, na atakuwa na haki. Mimi napendekeza malipo ya kilo yaliyozidi kidogo yale ya sasa, ili safari zake za ziada zipate thamani. Nyongeza hiyo itatoka mifukoni mwetu sisi wenye mashamba, na magunia ya ziada yatatoka katika fedha za jumuiya. Nimepiga hesabu yake, na itabandikwa ubaoni ofisini wiki mbili kabla ya mkutano, kila mtu aisome na aikosoe.

Jambo la tatu: jumuiya imtafute fundi atutengenezee mipini mirefu ya majembe na reki za mti za kugeuzia karafuu uwanjani, pamoja na vibao vya kuketia wachambuaji, tuwauzie wanachama kwa bei ya gharama. Mpini ukisimamishwa chini ufike usawa wa mbavu za mwenye kulima. Mtu mfupi apate wake na mrefu apate wake, kwani hata kanzu hatuvai za kipimo kimoja.

Haya ni ya jumuiya. Ya nyumbani hayangoji kura. Kila nyumba na ichague mgonga meza wake. Mume amwangalie mke akipalilia, mke amwangalie mume akishika simu, bila ya kejeli. Mwenye kuinua kitu akisogelee kwanza, akunje magoti, akikumbatie karibu na kifua, na akitaka kugeuka ageuke kwa miguu, asijipinde kiunoni. Mwenye kuketi asikae mpaka miguu ife ganzi, bali ainuke mara kwa mara. Na aliyekwisha kuumia asijilaze kitandani wiki nzima, kwani madaktari wa leo wanasema maumivu mengi ya mgongo hupungua upesi zaidi kwa mtu anayeendelea kutembea kwa kadiri awezavyo. Lakini mwenye maumivu baada ya kuanguka mtini, au mwenye miguu inayokufa ganzi au kukosa nguvu, au aliyeshindwa kuzuia au kutoa haja ndogo, asingoje kuchuliwa wala kukandwa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Hivyo ndivyo mgongo ulivyopindika, kidogo kidogo, wala hatukuona. Na hivyo ndivyo utakavyonyooka.

Mwisho, ndugu mwanachama, usiuinue mwili wako kwanza. Mwombe aliye karibu nawe akwambie ulivyokaa wakati ulipokuwa ukisoma maneno haya. Akikucheka, usimkasirikie. Mimi pia nilichekwa.

Tukutane mkutanoni, inshaallah.

Wassalaam,
Katibu wenu